Mawe Meupe ya Kichakani

Mtu akiniuliza mbuga za wanyama zilianza vipi, namwambia mimi sikusoma sana, lakini habari hiyo niliipata kwa mtu aliyewahi kuilinda mbuga kwa miguu yake. Niliisikia nyumbani kwangu, kando ya chungu, birika la maji moto likiwa mkononi. Mtu huyo aliitwa Omoding. Hapa Malaba siku hizi wapo wanaojifanya hawakumjua. Wanafiki wakubwa, na wakija kwangu nawaambia hivyo hivyo.

Mimi ni mama Roselyn. Mume wangu alikuwa kazini kwenye reli, huko Eldoret, nyumbani anakuja Krismasi kama mgeni. Basi mimi nikawa napika ajon, pombe yetu Wateso ya wimbi. Chungu kinawekwa katikati, wanaume wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mimi kazi yangu kuongeza maji moto na kuwanyamazisha wakizidi. Mirija nilikuwa naitunza mimi. Ilikaa imeegemea ukuta, kila mtu anaujua wake, na ole wako uguse wa mwenzako.

Maji ya pombe hiyo yalitoka kichakani. Msije mkafikiri ni kichaka cha kujificha kuku. Kilikuwa kimefunga kabisa, miti mikubwa mpaka karibu na mto, na katikati chemchemi ya maji baridi ambayo hata Januari haikupungua. Humo walikaa pongo. Ni mnyama mzuri, haki ya Mungu, mwekundu mwekundu mwenye madoa meupe, mwoga, akikusikia anabweka mara moja halafu humwoni tena. Ukoo wa mume wangu hauui pongo na hauli nyama yake. Wanasema zamani za vita bibi mmoja wa ukoo alijificha humo na watoto, akakuta pongo wamelala, na wale pongo hawakukurupuka. Maadui walipita wakaona kumetulia, wakaenda zao. Tangu hapo ikawa mwiko, na mwanamke akiolewa ndani ya ukoo mwiko unamshika na yeye. Mimi nilizaliwa kwa watu wanaokula pongo, nikaacha.

Omoding alizaliwa hapa, lakini ujana wake wote aliumalizia Uganda, askari wa wanyama kwenye mbuga moja kubwa. Serikali ya kule ilipogeuka, wanajeshi wakaanza kuingia mbugani na bunduki za vita, wanapiga tembo kwa ajili ya meno. Yeye na mwenzake walijaribu kuwazuia. Mwenzake akazikwa, yeye akavuka mpaka kwa miguu, na koti la kaki na filimbi shingoni. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa na binti mmoja tu, Amoit, ambaye baadaye aliolewa na Protus, kijana wa upande wa Bumala.

Tangu arudi, kila asubuhi Omoding alikuwa anaingia kichakani kuwatazama pongo, halafu anakuja kwangu kunipa habari zao kama mtu anayetoka kusalimia majirani. Fulani amezaa. Fulani anachechemea. Mimi namcheka, namwambia, "Mzee, si uoe?" Naye anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti ndogo.

Jioni moja kwenye chungu mdogo wake, Methuselah, alimchokoza. Huyo Methuselah shamba lake lilipakana na kichaka, na alikuwa mtu wa maneno mengi, yeye akifungua mdomo wengine wanaweka mirija chini. Akasema, "Kaka, hebu tuambie. Hizo mbuga mlizokuwa mnalinda, aliwapa nani? Ni Mungu aliyezizungushia mpaka?"

Omoding angeweza kudanganya. Ndiyo shida yake, hakujua kudanganya kwa faida yake mwenyewe. Akawaambia yote. Kwamba pale mbugani zamani palikuwa na watu, wenye vijiji na makaburi. Ukaja ugonjwa wa malale, watu wakafa sana, serikali ya wazungu ikawaondoa waliobaki, ikawaambia mtarudi mbung'o wakiisha. Miaka ikapita, nyasi zikaota kwenye viwanja vya nyumba, wanyama wakaingia. Na wazungu wale wale waliokuwa wanawinda tembo mpaka wakaanza kuadimika, wakashtuka, wakasema sasa lazima wahifadhiwe. Wakaja watu wa kofia kuhesabu wanyama. Wakaja watu wa kupima. Yakapandwa mawe meupe. Halafu watu waliporudi kudai kwao wakaambiwa hapa ni mbuga.

"Na wewe kazi yako ilikuwa nini?" Methuselah akauliza.

"Kuwazuia," Omoding akasema. "Siku moja nilimkamata mzee ndani ya mpaka. Hakuwa na mkuki wala mtego. Alikuja kupalilia kaburi la babake. Nilimfunga kamba nikampeleka, kwa sababu ndiyo sheria."

Wee! Watu waliachia mirija yao. Hata mimi birika lilinisimama mkononi.

Kisha akasema jambo ambalo mimi nililishika, na wao, nadhani, hawakulisikia kwa sababu bado walikuwa kwenye lile kaburi. Alisema mbuga ilianza vibaya lakini sababu yake si mbaya. Kwamba kuna vitu mtu mmoja akiachiwa peke yake atavimaliza, kwa hiyo lazima wote wakubaliane kuviacha, ili na mtoto ambaye hajazaliwa avikute. "Sisi tulishakubaliana zamani," akasema, "na hatukumfukuza mtu. Kichaka chetu ni mbuga kabla ya mbuga zao." Wanaume wakaitikia ndiyo, ndiyo, huku wakiangaliana.

Basi ukaja mwaka ule wa sabini na saba. Redio ikatangaza uwindaji umepigwa marufuku Kenya nzima. Methuselah akaja na redio yake kwapani mpaka kwangu, akaiweka karibu na chungu ili kila mtu asikie. "Mmesikia? Wanyama wote sasa ni wa serikali. Na mwenye ng'ombe akiwa na ng'ombe wake, si atataka na malisho?" Wengine wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kulazimisha.

Miezi hiyo hiyo watu wa ardhi walikuwa wanapima mashamba huku kwetu, kila mtu apate taito yake, hati ya shamba. Omoding akaona mbali. Akajua kichaka hakina jina la mtu, na kisipoandikwa kitakatwa vipande kigawanywe. Akatembea mpaka Busia kwa ofisa wa ardhi aitwaye Kiprono. Akamwomba kichaka kiandikwe kwa jina la ukoo mzima, kisigawanywe milele. Yule kijana alimsikiliza vizuri. Akamwambia, "Mzee, siwezi kuandika maneno ya mdomo. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikikuta wanyama na maji kama unavyosema, nitaandika. Nikikuta ni pori tu, litagawanywa kama mapori mengine."

Omoding alirudi akiwa na furaha, sijawahi kumwona hivyo. Akawaeleza chunguni neno kwa neno. Nakumbuka alisimama kabisa. Alipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Methuselah.

"Kwa hiyo anakuja kuhesabu wanyama."

"Anakuja kuona."

"Si wewe mwenyewe uliyetuambia, kwanza wanakuja watu wa kuhesabu, halafu mawe meupe, halafu mnaambiwa hamieni huko? Mbona unatuita wajinga, kaka? Wamekutuma?"

Omoding akamweleza, akarudia, akaapa kwa jina la mama yao. Alisema safari hii ni sisi tunaoomba, na jina litakuwa letu. Lakini woga ukishamwingia mtu humtoi kwa maneno. Na wiki iliyofuata vibarua wa wapimaji wakaja kuweka mawe ya mipaka ya mashamba, na mawe yenyewe, Mungu wangu, yalipakwa chokaa. Meupe pe. Yamefuata ukingo wa kichaka mstari mzima.

Kuanzia hapo kijiji kilibadilika. Nikipita na mtungi, watu waliokuwa wanaongea wananyamaza. Omoding akiingia kwangu, mazungumzo yanahamia mvua. Jiwe moja likang'olewa likatupwa mtoni. Mbwa wa Omoding akakutwa amekufa mlangoni kwake, mdomo una povu. Nilimwambia awe mwangalifu, akasema pengine amekula sumu ya panya. Halafu siku moja nafagia chumba cha pombe, nakuta mrija wake umevunjwa mara mbili na kurudishwa ukutani kama ulivyokuwa. Mnaelewa? Mtu aliuvunja mrija wa mwenzake nyumbani kwangu, halafu akaurudisha mahali pake. Nilitukana siku nzima. Wao wakaniomba niongeze maji moto kama sijasema kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Siku ya Kiprono ikafika. Omoding alipiga koti lake pasi ya makaa, akaondoka alfajiri kwenda Busia ili amwongoze njia. Alipita kwangu akaniambia, "Mama Roselyn, leo usichote maji asubuhi. Wasishtuke. Nataka awakute wametulia." Nikamwambia nenda na Mungu.

Hakuwa amefika hata Amukura, katikati ya njia, nadhani, wageni walipoanza kuingia. Walikuja kwa makundi madogo, wamebeba nyavu na mikuki, mbwa wamefungwa midomo kwa kamba. Nikawatambua. Walikuwa mashemeji na wakwe, watu waliooa kwetu, wa koo nyingine na makabila mengine. Na mbele yao Protus, mkwe wake Omoding mwenyewe, anatazama chini.

Hapo nikaelewa yote kwa mpigo. Mwiko ni wa ukoo, wakwe hauwahusu. Hawa wanaume wetu, wacha Mungu wa Jumapili, walikuwa wamewaita watu wa nje wafanye, halafu wao waseme mikono yetu ni safi. Wanyama wakiisha, hakuna mbuga. Hakuna mbuga, hakuna wa kutuhamisha. Ndivyo walivyopiga hesabu zao chunguni kwangu wakinywa maji ya kichaka kile kile.

Nilikimbia nikasimama njiani. "Methuselah! Una wazimu? Kakako amekwenda kutuokoa na wewe unafanya hivi?"

"Mama, rudi nyumbani kwako," akasema, bila hata hasira. "Ukihamishwa utanishukuru?"

"Na mwiko?"

"Kwani mimi nimeshika mkuki?"

Alikuwa ameshika debe tupu na fimbo. Wanaume wetu wote walikuwa na madebe. Wakauzunguka ukingo, wamesimama nyuma ya mawe meupe, mguu hauvuki, wakaanza kupiga. Kelele ile sitaisahau. Ndege waliruka wote. Halafu wale pongo wakaanza kubweka, huku na huku, na kila upande waliokimbilia kuna debe, isipokuwa upande wa chemchemi. Huko ndiko nyavu zilikuwa. Nilimshika mmoja shati, akanisukuma nikaanguka. Nililala pale nimeziba masikio. Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Kazi iliisha mapema. Nyama ikapakiwa kwenye magunia ikapelekwa barabarani, kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, maana kwetu hakuna wa kuila. Madereva wakaanza kuchoma pale pale kando ya magurudumu.

Landrova ya ofisi ya ardhi ilifika jua likiwa kichwani. Omoding alikuwa ameketi mbele na dereva, koti limefungwa vifungo vyote. Aliposhuka aliinua mkono kutuomba ukimya, akamwashiria Kiprono amfuate polepole. Hakuwa ameona chochote bado. Nikamwita, akaweka kidole mdomoni kuniambia ninyamaze. Wakaingia.

Walikaa kidogo tu. Walipotoka, Kiprono alikuwa na damu kwenye viatu, na Omoding alikuwa nyuma yake, anatembea huku ameweka mkono mbele kama mtu aliye gizani. Kiprono alikuwa amevimba kwa hasira. Akamtuma dereva akalete polisi wa mpakani. "Redio nchi nzima inalia uwindaji ni marufuku," akasema, "na ninyi mnafanya hivi siku ninayokuja mimi?"

Koplo akaja na askari wake. Hakuhangaika sana. Aliangalia watu, akaona suruali ya Protus imelowa damu, akamshika kola. Amoit akapiga ukemi. Alikuwa na mimba kubwa, amekuja mbio kutoka Bumala kumtafuta mumewe baada ya kusikia alikokwenda. Akapiga magoti mbele ya koplo, akamshika miguu.

Koplo akauliza, "Nani aliyewaita hawa watu?"

Methuselah alikuwa hapo. Ukoo mzima ulikuwa hapo, na madebe yao wameyaficha nyuma ya miguu. Nikaona Omoding anawatazama mmoja mmoja, taratibu. Akamfikia mdogo wake. Methuselah akatazama mto.

Omoding akavua filimbi shingoni. "Ni mimi," akasema. "Niliwaita mimi. Mwache huyo kijana, ni mkwe wangu, amefanya nilivyomwagiza. Yeye hajui sheria. Mimi nilikuwa askari wa mbuga, naijua."

"Mwongo!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Afande, huyu anajisingizia! Alikuwa Busia! Muulizeni Methuselah, yule pale!"

"Si ndiyo," koplo akasema, "alikwenda Busia makusudi asiwepo. Mama, nyamaza nisikubebe na wewe."

Lakini aliyeniuma zaidi ni Kiprono. Alimtazama Omoding kama mtu aliyetapeliwa. "Mzee, nilikuamini. Ulinileta mpaka huku kunifanya mjinga?" Omoding akafungua mdomo, akamwona Amoit bado yuko chini, akaufunga. Akampa filimbi yule kijana wa ardhi mkononi, kama mtu anayekabidhi kazi. Kiprono hakujua aifanyie nini, akaiweka juu ya jiwe jeupe akaingia kwenye gari.

Hakimu alimfunga. Nilikwenda mahakamani, nikasema tena, nikaambiwa mshtakiwa mwenyewe amekubali. Protus aliyasikia yote akiwa ameketi nyuma yangu, na hakunyanyuka. Nikimkuta leo hii bado namwuliza alikuwa amekalia nini siku hiyo.

Kichaka kikagawanywa, kama Kiprono alivyokuwa amesema. Methuselah alipata kipande chenye chemchemi. Akakata miti, akachoma mkaa, akapanda mahindi, na mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa mazuri ajabu, alitembea kifua mbele. Hakuna mtu aliyekuja kutuhamisha. Hakuna aliyekuja kuhesabu kitu. Yale mawe yalikuwa ya kuonyesha shamba la nani linaishia wapi, basi, na kila mmoja akapewa taito yake akaiweka kwenye sanduku. Kiangazi cha kwanza chemchemi ikawa tope. Cha pili ng'ombe walipita juu yake wakavuka wakavu. Nikaanza kuteka maji mtoni, chini ya pale malori yanapooshwa.

Omoding alirudi mwaka ule wa vita vya Uganda, barabara imejaa watu wanaokimbia na magodoro vichwani. Nilimtambua kwa koti. Mwili ulikuwa umekwisha, koti limebaki. Alikuja moja kwa moja kwangu. Ilikuwa jioni, wanaume wako chunguni, na Methuselah mkubwa wao. Nilikuwa nimemkatia mrija mpya tangu wiki aliyofungwa, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Nikampa.

Akauegemeza ukutani. "Mama Roselyn, nipe maji tu. Yale ya baridi."

Nikachota. Ningefanyaje? Nikampa yaliyokuwepo. Akaangalia ndani ya kibuyu, maji ya rangi ya chai, na mafuta kidogo yanaelea juu. Aliyatazama sana.

Methuselah akasogea. Sauti yake ilikuwa laini, sikuwahi kuisikia hivyo. "Kaka. Jambo moja tu, halafu tusahau. Wewe unawajua watu wa serikali. Wangekuja, sivyo? Mwisho wangetuhamisha."

Wote walikuwa wameacha kunywa. Niliona nyuso zao, watu wazima wenye wake na wajukuu, wanamtazama wanamsubiri aseme ndiyo. Walihitaji lile neno kuliko walivyowahi kuhitaji taito. Na angeweza kuwapa. Alishawahi kuwapa uongo mmoja mkubwa mbele ya polisi.

"Hapana," Omoding akasema. "Hapakuwa na mtu anayekuja, Methuselah. Tulikuwa sisi tu."

Akanywa yale maji mpaka mwisho, akanirudishia kibuyu, akaniambia asante, akaondoka kwenda kwa Amoit kumwona mjukuu wake. Wao wakabaki pale. Mmoja akakohoa, mwingine akainama kuutafuta mrija wake, akauweka mdomoni, nikaona kweli wanataka kuendelea kunywa. Nikakishika kile chungu kwa mikono miwili, kizito, cha moto, nikakivuta mpaka mlangoni nikakimwaga chote nje, na wao wamekaa wameshika mirija yao.